Mashine ya kusafishia zulia inapogoma: kasoro za kawaida na namna ya kuzirekebisha

Katika mji wa Liverpool, ulio kando ya Mto Georges kusini magharibi mwa jiji la Sydney, Australia, familia nyingi zilizohamia kutoka Afrika Mashariki na Kati hukutana na jambo ambalo huko zilikotoka halikuwa la kawaida: zulia lililogandishwa sakafuni, kuanzia ukuta hadi ukuta.

Mkeka au busati hukunjwa, hukung'utwa nje na kuanikwa juani. Zulia la namna hii haliondoki. Chai ikimwagika, au mtoto akitapika, doa linabaki pale pale hadi lisafishwe hapo hapo. Ndiyo maana mashine ndogo ya kusafishia mazulia kwa maji, inayobebwa kwa mkono mmoja, imekuwa chombo cha kuazimana baina ya majirani.

Kwa mpangaji, suala hili linagusa pia mfuko. Katika jimbo la New South Wales, mwenye nyumba anaruhusiwa kudai amana isiyozidi kodi ya wiki 4. Fedha hizo huwekwa kwa idara ya serikali ya jimbo, NSW Fair Trading, na zulia lenye madoa ni miongoni mwa sababu zinazotajwa mara kwa mara pale mwenye nyumba anapotaka kukata sehemu ya amana hiyo.

Kwa hiyo mashine inapogoma siku chache kabla ya kurudisha funguo, mpangaji hupata wasiwasi. Hata hivyo, mara nyingi mashine haijaharibika. Imezuiwa tu na hewa, povu au uchafu.

Kazi mbili, njia mbili

Mashine hii hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kunyunyizia: pampu huvuta maji yenye sabuni kutoka tangi la maji safi na kuyapeleka kwenye kichwa kinachoshikwa mkononi. Ya pili ni kufyonza: mota huvuta hewa kwa nguvu, na hewa hiyo hubeba maji machafu kupitia mpira hadi kwenye tangi la pili.

Kabla ya kufungua chochote, inafaa kujiuliza ni kazi ipi iliyosimama. Pia plagi ichomolewe kwenye soketi kabla ya mkono kugusa ndani ya mashine.

Maji hayatoki

Sababu iliyo rahisi kuliko zote ni tangi ambalo halikukaa sawasawa. Chini ya tangi kuna kizibo kinachofunguka pale tu tangi linapokandamizwa mahali pake. Likiinuka kidogo, maji hayapiti.

Sababu ya pili ni hewa iliyonaswa katika pampu, hasa ikiwa mashine imekaa muda mrefu au iliachwa ikifanya kazi tangi likiwa tupu. Dawa yake ni kujaza tangi, kushusha kichwa cha mkono chini kuliko tangi, kuwasha mashine na kubana kifyatulio kwa muda wa dakika moja hivi. Pampu itasukuma hewa nje na maji yatafuata.

Sababu ya tatu ni sabuni iliyokauka katika kitundu cha kunyunyizia. Kichwa kiloweshwe katika maji ya uvuguvugu, kisha kisuguliwe kwa mswaki wa zamani. Sindano haifai, kwani hupanua kitundu na maji yakaanza kutoka kama mkondo badala ya mnyunyizo.

Mashine haifyonzi

Hapa kuna jaribio jepesi. Kichwa cha mkono kikitolewa, kiganja huwekwa kwenye mdomo wa mpira huku mashine ikiwaka. Kiganja kikivutwa kwa nguvu, tatizo liko katika kichwa chenyewe: nywele na nyuzi zimeziba. Mvuto ukiwa hafifu, tatizo liko katika mpira au katika tangi la maji machafu.

Ndani ya tangi hilo mna boya dogo. Maji yakifika kikomo, boya huelea na kuziba njia ya hewa ili maji yasiingie katika mota. Mtu akisikia mlio wa mota umebadilika ghafla na kuwa mwembamba, huenda tangi limejaa. Limwagwe, boya lisafishwe, na mpira wa kuzibia ulio ukingoni ukaguliwe iwapo umechanika au haukukaa vizuri. Ufa mdogo tu hutosha kupoteza nguvu yote ya mvuto.

Povu jingi

Wengi hudhani kuwa sabuni ikiongezwa, usafi nao huongezeka. Ukweli ni kinyume chake. Povu huinua boya kabla ya wakati, na likivuka huingia katika mota. Sabuni ya kufulia au ya kuoshea vyombo isitumike. Itumike ile iliyotengenezwa kwa mashine hizi, kwa kipimo kilichoandikwa.

Ikiwa zulia lenyewe lina mabaki ya sabuni ya zamani, lipitiwe kwa maji matupu hadi povu liishe. Maji ya moto ya bomba hutosha. Yanayochemka hupinda plastiki na kuharibu mazulia ya sufu.

Doa linalorudi na zulia lisilokauka

Doa lililotoweka jana laweza kuonekana tena leo. Maji yalishuka hadi kwenye tabaka la chini, na wakati wa kukauka yakapanda tena na uchafu wake. Tiba ni kunyunyiza kidogo na kufyonza sana: kwa kila mpito mmoja wa maji, iwepo mipito miwili au mitatu mikavu, ya polepole. Kisha doa likandamizwe kwa kitambaa cheupe kikavu.

Zulia likibaki na unyevu kwa zaidi ya siku moja au mbili, ukungu huanza kuota na harufu hufuata. Madirisha yafunguliwe na feni iwashwe, hasa katika miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti. Matangi nayo yaoshwe na kuachwa wazi yakauke, kwani harufu mbaya ya mashine hutokana na maji machafu yaliyolala humo.

Mahali pa kukomea

Mashine ikizimika yenyewe baada ya kazi ndefu, huenda mota imepata joto na kinga yake imekata. Ichomolewe na kupumzishwa kwa nusu saa au zaidi. Lakini kila inapowashwa, kama kikata umeme cha usalama cha nyumba kinakata, hilo si jambo la kujaribu tena. Kikata umeme hicho kwa kawaida hukata pale umeme unaovuja unapofikia miliampea 30, nayo ni ishara kwamba maji yameingia pasipostahili au waya umechubuka. Mashine ya namna hiyo isitumike, wala isiazimwe kwa jirani, hadi ikaguliwe na fundi.

Mpaka mwingine ni maji ya mafuriko. Mwezi Machi mwaka 2022 Mto Georges ulifurika na wakazi wa Chipping Norton, katika eneo la Liverpool, walitakiwa kuhama. Maji ya mafuriko huweza kubeba maji taka. Zulia lililolowa kwa maji hayo si kazi ya mashine ndogo. Kwa kawaida huondolewa kabisa, baada ya kupigwa picha na kumjulisha mwenye nyumba.

Haki ya mpangaji

Sheria ya Upangaji wa Makazi ya New South Wales ya mwaka 2010 inamtaka mpangaji airudishe nyumba ikiwa karibu na hali aliyoikuta, bila kuhesabu uchakavu wa kawaida. Zulia lililofifia kwa kukanyagwa miaka mingi ni uchakavu. Doa la mafuta si uchakavu.

Sheria hiyo hiyo inakataza mkataba kumlazimisha mpangaji kulipia kampuni ya kusafisha zulia anapohama, isipokuwa pale inapohusika ruhusa ya kufuga mnyama. Kwa maneno mengine, aliyelisafisha zulia lake mwenyewe likasafika ametimiza wajibu wake. Pande mbili zikishindwa kuafikiana, shauri hupelekwa kwenye baraza la kusuluhisha migogoro la jimbo, NCAT.

Huko kinachopewa uzito ni ushahidi: ripoti ya hali ya nyumba iliyojazwa siku ya kuingia, na picha za zulia zilizopigwa siku hiyo na siku ya kutoka. Mpangaji anayehifadhi vitu hivyo viwili tangu mwanzo huwa na cha kuonyesha, hata kama mashine iligoma mara mbili njiani.