Gungu lililomfungua Fumo Liyongo

Kabla ya bendi za jazi kujaza vilabu vya Mombasa, pwani ya Kipini ilikuwa na tumbuizo lake: gungu, ngoma ambayo mwimbaji hutongoa na umati ukamwitikia.

Kwa mujibu wa utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, Fumo Liyongo, akiwa gerezani akingoja kuuawa, aliomba achezewe gungu. Mamake alimpelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi, wateuzi wa chakula, waliudharau wakamwachia. Usiku huo kelele za matoazi na viitikio ziliufunika mkwaruzo wa tupa juu ya pingu. Waliokuja kumuaga ndio waliomficha.

Kaburi linalosemekana kuwa lake liko Ozi, karibu na Kipini.