Say: Mji wa Wanavyuoni Uliopigiwa Mstari Ulaya

Wapwani wengi wakitajiwa tarehe 5 Agosti 1890 watakumbuka jambo moja: siku hiyo, mjini London, Ufaransa ilikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza. Lakini wachache wajuao kwamba katika mapatano yayo hayo ulitajwa mji mdogo wa Waislamu wa Afrika Magharibi, uitwao Say.

Mji huo uko ukingo wa magharibi wa mto Niger, yapata kilomita 50 kusini ya Niamey. Uliasisiwa mwanzoni mwa karne ya 19 na mwanachuoni wa Kifulani, Alfa Mohamed Diobo, aliyetoka Masina. Watu waliuheshimu kwa elimu yake, na uzao wake ndio ulioshika utawala. Heinrich Barth, msafiri wa Kijerumani, alivuka mto hapo mwaka 1853.

Basi wakubwa wa Ulaya wakapiga mstari kutoka Say hata Barruwa, kando ya Ziwa Chad: kaskazini kwa Mfaransa, kusini kwa Mwingereza. Wenyeji hawakuulizwa.

Mfaransa naye hakutosheka na mstari mmoja. Wilaya ya Say ikatiwa katika koloni ya Upper Volta, iliyoundwa mwaka 1919. Kisha, kwa amri ya tarehe 28 Desemba 1926, ikahamishiwa Niger, isipokuwa sehemu ya Wagourmantché wa Botou. Mpaka ukaandikwa Agosti 1927. Ukaonekana una makosa, na Oktoba yakatolewa masahihisho.

Karatasi hiyo fupi ilikuja kuwa na uzito mkubwa. Niger na Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso, zilipata uhuru mwaka 1960 zikarithi mpaka huo, na zikabishana juu yake miaka mingi. Tarehe 16 Aprili 2013 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ilikata shauri kwa kufuata masahihisho ya 1927; na pale yasipotosha, ramani ya 1960.

Na Say yenyewe? Mwaka 1974, mkutano wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore uliamua kujenga Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Niger. Mahali palipochaguliwa ni Say, na milango ikafunguliwa mwaka 1986. Tangu hapo vijana wa nchi nyingi wamevuka mipaka kwenda kutafuta elimu katika mji wa Alfa Diobo.