Rangi Inayoonyesha Kosa

Hapa Mobeni, Durban, mimi na mwanangu tunaandika michezo ya ZX Spectrum, kompyuta iliyotoka Uingereza mwaka 1982 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 au 48 tu. Tunaiandikia kwenye laptopu, ndani ya kihariri kinachopaka amri kama PRINT rangi moja, na maneno ya ndani ya alama za kunukuu rangi nyingine. Ukisahau kufunga alama, rangi huendelea hadi mwisho wa mstari. Haisahihishi kosa, ila inalionyesha.

Shuleni mwanangu husoma kwa Kiingereza. Mezani huniuliza, “Baba, mbona hii imekuwa nyekundu?” Namjibu kwa Kiswahili. Wazazi wenzangu, jaribuni: vihariri vingi ni vya bure, na lugha yetu hupata kazi nyumbani.