Abdilatif Abdalla: Mizani Nyuma ya Kuta za Kamiti (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilimwacha Abdilatif Abdalla akiwa kijana wa Mombasa aliyekulia katika ukoo wa washairi, kaka yake akiwa ni Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita. Desemba 1968, akiwa na umri wa miaka 22, alikamatwa. Machi mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa kosa la uchochezi.

Kosa lenyewe lilikuwa waraka wenye kichwa cha swali: Kenya: Twendapi?

Swali hilo lilikuwa na sababu zake. Mwaka 1966 Oginga Odinga alijitoa katika chama tawala cha KANU akaunda chama cha upinzani cha KPU, na wabunge waliomfuata wakalazimishwa kurudi kwa wapigakura. Ulipofika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 1968, karatasi za wagombea wa KPU zilikataliwa kwa wingi, ati hazikujazwa sawasawa. Uhuru ulikuwa haujatimiza hata miaka mitano. Abdilatif alikuwa upande wa KPU, na waraka wake uliuliza kile ambacho wengi walikuwa wakinong'onezana: ikiwa njia ya kura imezibwa, wananchi waelekee wapi? Oktoba 1969, yeye akiwa tayari gerezani, KPU nacho kilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini.

Katika gereza la Kamiti alitengwa na wafungwa wenzake, akanyimwa kalamu na karatasi. Mashairi aliyoyatunga aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, nayo yakatolewa nje vivyo hivyo, kwa siri. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefungwa katika gereza hilohilo miaka kadhaa baadaye, naye aliandika riwaya kwenye karatasi za aina hiyo.

Husemwa mara nyingi kwamba jela ndiyo iliyomfanya Abdilatif kuwa mshairi. Ni kauli tamu, lakini haikubaliani na historia yake. Kazi alikuwa anaijua kabla ya pingu: Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa, uliotoka 1971 mwenyewe akiwa bado kifungoni, ni utungo wa mtu aliyeiva katika bahari ya utenzi. Jela ilibadili mzigo ambao vina na mizani vilipaswa kuubeba. Na hapo ndipo umbo la kimapokeo, ambalo baadhi ya vijana wa vyuo wa miaka hiyo walianza kuliona kama minyororo, lilipoonyesha faida yake. Mtu asiye na karatasi anaweza kutunga ubeti usiku na kuurudia kichwani hadi asubuhi. Neno likimponyoka, kina kilichopotea au mizani iliyopungua humshtua papo hapo. Utungo huru hauna mlinzi wa namna hiyo.

Fumbo nalo lilipata kazi mpya. Katika "Mamba" yuko mnyama anayetakabari mtoni, akidhani ataishi milele, naye anakumbushwa kuwa siku yake itafika. Hakuna jina la mtu wala la chama. Katika "Mnazi: Vuta N'kuvute" ndugu wawili wanagombania mti wa urithi, na yule aliyeupanda mpaka juu ndiye anayefaidi nazi. Msomaji wa Mombasa wa miaka ya 1970 hakuhitaji kuambiwa mnazi huo ni nchi gani. Ni ufundi aliourithi: katika mji huohuo, zaidi ya karne moja kabla yake, Muyaka bin Haji alitunga mafumbo ya siasa wakati Wamazrui walipokuwa wakivutana na Sayyid Said wa Oman. Hata hivyo, Abdilatif hakujificha nyuma ya fumbo kila mara. "Siwati" ni tamko la wazi la mtu anayekataa kuiacha imani yake, na hata kichwa chake kimeandikwa kwa Kimvita, bila kujali kama msomaji wa bara atahitaji sherehe.

Alifunguliwa Machi 1972. Mashairi ya Kamiti yalichapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikatunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Yaani serikali ya Kenyatta ilimfunga mtunzi kwa maneno yake, kisha tuzo yenye jina la Kenyatta ikamsifu kwa maneno yaleyale! Majaji wanastahili heshima, maana hawakujitia upofu.

Mshindi mwenyewe hakuwa Kenya. Alikuwa amehamia Dar es Salaam, katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambako 1973 alihariri Utenzi wa Fumo Liyongo wa Muhammad Kijumwa, kisa cha shujaa mshairi ambaye naye alifungwa na kutumia wimbo kupanga kutoroka. Ni vigumu kuamini kwamba aliichagua kazi hiyo bila kuikumbuka Kamiti. Miaka yake ya Dar es Salaam, kisha London na Leipzig, na sababu za diwani ya pili kutofuata upesi, zitajadiliwa katika sehemu ya tatu.