Je, Wajua? Gavana Alikuwa Mshika Usukani

Kibomet, pembezoni mwa Kitale, bahari husikika tu redioni. Huku ni mahindi. Hata hivyo neno la mabaharia halikauki midomoni, tena kwa maana mbili: gavana wa Kaunti ya Trans Nzoia, na gavana ya matatu, kifaa kilichopata umaarufu mwaka 2004 Waziri John Michuki alipoamuru gari za abiria zisizidi kilomita 80 kwa saa.

Kwa Wagiriki wa kale, kubernan ilikuwa kushika usukani wa chombo, na mshikaji aliitwa kubernetes. Warumi wakalitamka kwa G, gubernator. Likapitia Ufaransa, likafika Uingereza, na wakoloni wakaja nalo Kenya kama cheo cha mtawala wao. Uhuru ulikiondoa cheo hicho. Uchaguzi wa 2013 ukakirudisha, safari hii kwa kura na kwa watu 47.

Lakini mimi hupendezwa zaidi na gavana wa chuma. Simama karibu na mashine ya dizeli ya kusaga unga. Mama anamwaga gorogoro mbili za mahindi, na mara ngurumo inashuka: mashine imelemewa. Vyuma viwili vidogo vya gavana vinavyozunguka ndani yake vinapungukiwa kasi na kurudi karibu na mhimili. Springi inausukuma mkono wa pampu, dizeli inaongezeka, ngurumo inarejea. Mahindi yakiisha, mashine hutaka kukimbia ovyo. Hapo vyuma hutanuka na dizeli hupunguzwa. Hakuna aliyegusa kitu.

James Watt alifunga kifaa cha namna hiyo kwenye mtambo wake wa mvuke mwaka 1788, ingawa wenye vinu vya upepo walikuwa wamemtangulia. Ile ya matatu ni ndugu yake mvivu: haiongezi mafuta, huzuia mwendo tu, na wapo madereva wanaojua kuichokonoa.

Katika miaka ya 1940 Mmarekani Norbert Wiener alitafuta jina la elimu ya mitambo na viumbe vinavyojirekebisha vyenyewe. Akamrudia yule yule kubernetes, akaiita saibanetiki. Wengine wakakata kipande cha mwanzo wakakibandika kwenye mambo ya kompyuta, na ndiyo maana kijana wa Kitale anayetaka kujaza fomu ya mkopo wa chuo kwenye duka la intaneti huaga nyumbani akisema anakwenda saiba.