Hekalu Lililotunza Sheria za Kijiji

Katika safari yangu ya Yaeda Chini, wilayani Mbulu, kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alitaka kujua kwa nini watu wa nchi nyingine hujitaabisha kupandisha mawe juu ya mawe ili kumjengea Mungu nyumba. Wahadzabe wa bonde lile hucheza ngoma yao takatifu ya epeme usiku usio na mbalamwezi, pasipo ukuta wala paa. Wadatoga nao humjengea mzee wao mheshimiwa tuta kubwa la kaburi, bung'eda, ambalo ni ukumbusho wala si nyumba ya kuingia. Je, jengo la ibada lina kazi gani zaidi ya ibada? Makala haya ni jibu nililochelewa kumpa.

Mahekalu ya Kihindu yapo Afrika Mashariki, mathalan katika mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, na katika Mji Mkongwe wa Unguja. Lakini hayo ni majengo ya mjini, nayo si ya kale sana. Anayetaka kuliona hekalu la kale la kijiji hana budi kwenda India. Nilipokuwa masomoni katika nchi ile nilifika Uttaramerur, kijiji cha jimbo la Tamil Nadu kilicho umbali wa kilometa 90 hivi kutoka Chennai, ambacho leo kimekua na kuwa mji mdogo. Desturi humtaka mgeni avue viatu mlangoni. Mimi nilivua saa saba mchana, na mawe ya uani yalinifundisha somo la joto ambalo sikulisahau.

Kijiji hiki kilipata umaarufu katika karne ya 8, chini ya wafalme wa ukoo wa Pallava. Baadaye kikatawaliwa na ukoo wa Chola, wale waliojenga hekalu kubwa la Thanjavur lililokamilika mwaka 1010. Uttaramerur haina jengo la ukubwa huo. Ina mahekalu kadhaa ya kadiri, na mawili kati yake yanatuhusu: la Sundaravarada Perumal na la Vaikunta Perumal. Yote mawili ni ya mungu Vishnu.

Tuanze na umbo. Kiini cha hekalu la kusini ya India ni chumba kidogo cha mraba, chenye giza na mlango mmoja, ambamo sanamu ya mungu huwekwa. Juu ya chumba hicho hupanda mnara wa ngazi ngazi unaopungua upana kadiri unavyokwenda juu. Mbele yake huwa na ukumbi wa nguzo. Waumini hawakusanyiki ndani ya kile chumba kama watu wanavyokusanyika msikitini au kanisani. Kila mtu huja, hutazama, hutoa sadaka, huondoka. Kwa sababu hiyo chumba hakikuhitaji kuwa kikubwa. Hekalu la Sundaravarada limeongeza jambo la ajabu: vyumba vya ibada vimepangwa katika orofa tatu, na Vishnu huonekana amesimama chini, ameketi katikati, na amejinyoosha juu.

Kwa nini chumba kiwe kidogo na ukumbi ujae nguzo? Hapo dini huingiliana na fizikia. Mwalimu achukue kipande cha chaki, akiegemeze juu ya vitabu viwili vilivyoachana kidogo, kisha akibonyeze katikati kwa kidole. Kitakatika upesi. Sasa akisimamishe wima kipande kama hicho na kukibonyeza kutoka juu. Atahitaji nguvu kubwa zaidi kukivunja. Jiwe ndivyo lilivyo. Matale, jiwe gumu linalotumika sana kusini ya India, hustahimili kugandamizwa zaidi ya mara kumi kuliko linavyostahimili kuvutwa. Boriti ya jiwe inapobeba paa, upande wake wa juu hugandamizwa na upande wa chini huvutwa, nao ufa huanzia chini. Isitoshe, ukiongeza urefu wa boriti mara mbili bila kuongeza unene wala uzito ulio juu ya kila meta, mkazo katika jiwe hauzidi mara mbili, bali mara nne. Fundi asiyejua hesabu hii kwa kalamu aliijua kwa hasara. Akaongeza nguzo.

Sisi wa Mbulu tunaifahamu kanuni hii kutokana na tembe. Paa lake bapa la udongo hulala juu ya miti, na miti hulala juu ya nguzo nyingi. Tofauti ni kwamba mti una nyuzi. Huvutwa, hupinda, hulalamika kabla ya kuvunjika. Jiwe halitoi onyo.

Mnara nao ulitaka ufundi mwingine. Katika msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, sehemu iliyoongezwa katika karne ya 14 ina matao na kuba zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa. Mafundi wa mahekalu ya India kwa kawaida hawakutumia tao la namna hiyo. Walitumia mpangilio wa kutokeza: kila safu ya mawe hutokeza kidogo ndani kuliko safu iliyo chini yake, mpaka pande zote zikaribiane na jiwe moja lifunike tundu lililobaki. Wanafunzi wanaweza kulijaribu jambo hili kwa vitabu 5 vilivyo sawa. Kitabu cha juu kitokeze nusu ya urefu wake, cha pili robo, cha tatu sehemu moja ya sita, cha nne sehemu moja ya nane, cha tano, kwenye ukingo wa meza, sehemu moja ya kumi. Kwa hesabu, kitabu cha juu kitakuwa kimeuacha ukingo wa meza kabisa, na rundo lisianguke; lakini vipimo hivi ni vya mwisho kabisa, basi punguza kila kimoja kwa nywele. Katika mnara, uzito wa ukuta ulio nyuma hukandamiza mikia ya mawe yale, nayo hupata uthabiti zaidi.

Lakini wataalamu hawaendi Uttaramerur kwa ajili ya mnara. Huenda kusoma ukuta. Katika hekalu la Vaikunta Perumal kumechongwa maandishi ya Kitamil ya mwaka 919 na 921, zama za mfalme Parantaka wa Kwanza wa ukoo wa Chola. Msomi wa Kihindi V. Venkayya aliyachapisha. Si sala. Ni kanuni za kuchagua kamati za kijiji.

Kijiji kiligawanywa katika mitaa 30. Kila mtaa uliandika majina ya wanaofaa, kila jina kwenye kikaratasi cha jani la mtende. Majina ya mtaa mmoja yalifungwa pamoja, na mafungu yote 30 yakatiwa ndani ya chungu. Watu wote, wadogo kwa wakubwa, waliitwa mkutanoni. Kuhani mzee kuliko wote alisimama na kukiinua chungu juu, watu wote wakione. Mtoto mdogo asiyejua kilichomo alichomoa fungu moja, likafunguliwa na kutiwa katika chungu kingine, likatikiswa. Kisha akachomoa jina moja. Mpokeaji alitakiwa kulipokea kwa kiganja kilichokunjuliwa, vidole vitano wazi, asije akabadilisha kikaratasi. Akalisoma kwa sauti, na makuhani waliohudhuria wakalisoma tena. Kwa njia hiyo walipatikana watu 30: 12 wa kamati ya mwaka, 12 wa kamati ya bustani, 6 wa kamati ya lambo. Muda wao ulikuwa siku 360.

Wasiofaa walitajwa kwa urefu zaidi kuliko wanaofaa. Aliyewahi kuwa katika kamati asitoe hesabu hakuruhusiwa tena. Wala haikuishia kwake: wana wa mama zake wakubwa na wadogo, binamu, baba yake, ndugu zake, mkwe wake, shemeji na mpwa, wote walizuiwa. Adhabu ya namna hii kwa mtu asiye na kosa siwezi kuitetea. Hata hivyo yaonyesha kwamba waandishi walifahamu fedha ya kijiji hupotelea wapi.

Tusidanganyike kwamba hii ilikuwa demokrasia kama tuijuavyo. Kijiji kilikuwa makazi ya Mabrahmini, na mchaguliwa alipaswa kuwa na ardhi inayolipa kodi, nyumba katika kiwanja chake mwenyewe, na elimu ya vitabu vyao vitakatifu. Watu wa tabaka la chini, wale waliolima ardhi hiyo, hawakuwa na jina ndani ya chungu. Na kanuni za mwaka 919 zilibidi kurekebishwa baada ya miaka miwili tu. Umri wa kuchaguliwa, uliokuwa miaka 30 hadi 60, ukawa 35 hadi 70.

Je, kwa nini ziandikwe hekaluni? Jani la mtende huliwa na wadudu, na mwenye kulihifadhi nyumbani aweza kulibadilisha. Ukuta wa matale hauhamishwi, kila mtu hupita mbele yake, na herufi iliyochongwa upya huacha kovu. Hekalu lilikuwa pia mpokeaji wa sadaka za ardhi na dhahabu, kwa hiyo lilikuwa na masanduku, makarani na mashahidi.

Nikampelekea kijana wa Yaeda Chini jibu hili, nikimkumbusha hati za kimila za ardhi ambazo Wahadzabe walipewa mwaka 2011, na fedha za hewa ukaa ambazo vijiji vya bonde lile hupokea kwa kutunza misitu. Hizo nazo husomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Alinijibu kwa barua fupi akiuliza jambo moja tu: kamati ya lambo ilifanya nini hasa? Ilitunza bwawa kubwa la kijiji. Maji ya mvua huja na udongo, udongo hutua chini, na kina hupungua kila mwaka, kama malambo ya ng'ombe yanavyojaa tope huko Mbulu. Watu wa Uttaramerur walitoa dhahabu iwe mtaji. Mtaji haukuguswa, na faida yake ililipa kazi ya kuzoa tope mwaka hata mwaka. Hayo nayo yamechongwa ukutani.