Nani alisema viazi huokwa kwa stima pekee?

Miongoni mwa mambo ambayo wanafunzi wetu huyakariri bila kuyaona wala kuyaonja, mapishi yana nafasi ya mbele. Tangu mwaka wa 1985, ulipoanzishwa mfumo wa 8-4-4 na Sayansi Kimu ikapewa nafasi katika shule za msingi, vizazi kadhaa vya watoto vimeandika madaftarini habari za matanuri na nyuzi za joto, vikapata alama zao, kisha vikaenda nyumbani kula viazi vya kuchemshwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka wa 2019, uliahidi kuukomesha ukariri huo. Ahadi ni njema. Hata hivyo, ukipanda gari mjini Nanyuki ukaelekea kaskazini kilomita hamsini na kitu hadi Doldol, utaupima mwenyewe umbali uliopo baina ya ahadi na meko.

Doldol ni mji mdogo wa Laikipia Kaskazini, nchi ya Wamaasai wa Mukogodo na Wayaaku, watu wa mifugo na asali. Viazi havilimwi huko. Huletwa kwa malori kutoka Timau na Kibirichia upande wa Meru, au kutoka Kieni upande wa Nyeri, vikapimwa kwa debe na kwa gorogoro sokoni. Nilipomtembelea mwalimu mwenzangu anayefundisha katika sehemu hizo, alinisimulia swali aliloulizwa na msichana mmoja darasani baada ya somo la kuoka: “Mwalimu, nyumbani kwetu tuna mafiga matatu na jiko la makaa. Hizo nyuzi 200 nitazitoa wapi?” Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu hakucheka, nami sikucheka niliposimuliwa, kwa maana hilo ndilo swali la pekee la kisayansi lililoulizwa siku hiyo.

Najua kuna msomaji atakayeninyooshea kidole. Atauliza: nchi hiyo imepitia ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, mizoga ya ng'ombe ikatapakaa malishoni, nawe unatuletea habari za viazi vya kukauka kau? Naam, ninazileta. Mifugo ilipopungua, familia nyingi za wafugaji zilizidi kutegemea vyakula vya kununua, na kiazi ni kimojawapo. Kama kitaliwa mara kwa mara, kwa nini kiliwe katika hali moja tu ya kutokoswa hadi kikavurugika? Ustadi wa jikoni haukuwahi kuwa mali ya matajiri. Isitoshe, linalonitia wasiwasi si viazi vyenyewe. Ni ile imani inayomwingia mtoto taratibu kwamba elimu huishi mahali penye nguzo za stima, na kwamba yeye akiwa kando ya mafiga hana la kufanya ila kusubiri nguzo zimfikie.

Imani hiyo haina mashiko hata katika historia ya chakula chenyewe. Kiazi tunachokiita cha Uzungu si cha Uzungu. Asili yake ni milima ya Andes, katika nchi za Peru na Bolivia, ambako wenyeji walikikuza kwa maelfu ya miaka kabla ya Wahispania kukisafirisha hadi Ulaya katika karne ya 16. Kwetu kililetwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19. Pamoja nacho ikaja desturi ya mlo wa Jumapili: nyama ya kuokwa, na pembeni yake viazi vyenye ganda la rangi ya dhahabu. Sasa hebu tujiulize ni nani aliyevipika katika nyumba za walowezi wa Laikipia na Nyeri. Ni wapishi Waafrika, ambao wengi wao hawakuwahi kukalia dawati, wakitumia jiko zito la chuma lililolishwa kuni. Waliingiza mkono mlangoni wakahesabu, au wakatupia chembe za unga ndani wakatazama zinavyogeuka rangi. Hizo ndizo nyuzi zao. Inachekesha, na pia inaumiza, kwamba wajukuu wao leo huambiwa kazi hiyo haiwezekani pasipo kifaa chenye vitufe.

Walimu wa Kiswahili nao wana sehemu yao katika jambo hili. Mara nyingi nimesikia ikidaiwa kuwa lugha yetu haina neno la chakula kilichokauka nje kikabaki laini ndani, kile ambacho ukikitafuna husikika mdomoni. Wanaodai hivyo hawajakaa karibu na sufuria ya wali. Kuna mtoto gani wa pwani asiyejua ukoko? Utando ule mkavu unaoganda chini ya sufuria ndio unaogombaniwa na watoto, na wako wakubwa wanaojifanya hawaupendi. Kiazi kizuri cha kuokwa ni kiazi kilichovaa ukoko pande zote. Na jiko lake vilevile tunalo katika lugha: pwani hupalia, yaani huweka makaa juu ya kifuniko cha sufuria ili chakula kipate moto wa juu na wa chini. Wali hupaliwa hivyo, na mikate mingi ya mayai imeiva kwa njia hiyo kabla umeme haujafika mtaa wowote. Tanuri ni nini, kama si chombo kinachozingira chakula kwa joto kavu?

Tulivipika jioni ile ile nyumbani kwa mwalimu, nje, kando ya ukuta unaokinga upepo. Nitaeleza hatua zake pamoja na sababu zake, kwa kuwa mapishi yasiyo na sababu ni ukariri ule ule niliokwisha kuulaumu.

Kwanza ni uchaguzi. Sokoni utauziwa Shangi zaidi ya aina nyingine yoyote, nayo inafaa, ila huiva upesi na haikawii kuchipua ikiwekwa. Ukiipata Dutch Robijn, yenye ngozi nyekundu na nyama ya manjano, una bahati, kwa sababu ina unga mwingi na maji machache. Wanafunzi wanaweza kulipima jambo hili wenyewe. Koroga kipimo kimoja cha chumvi katika vipimo 11 vya maji, kisha tumbukiza viazi kimoja kimoja. Chenye unga mwingi huzama, chenye maji mengi huelea. Hilo ni somo zima la uzito wa ujazo, na gharama yake ni chumvi tu. Kiazi kilichogeuka kijani kwa kupigwa na jua kisitumike, kwani kina sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi.

Menya, kata vipande vinavyolingana kiasi cha nusu ya yai la kuku, uvitie katika maji baridi yenye chumvi, ndipo ubandike motoni. Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi havilitaji. Vitabu huandikwa kana kwamba sote tunaishi ufuoni. Nanyuki na viunga vyake viko juu sana kutoka usawa wa bahari, na katika mwinuko wa mita zipatazo 1,900 maji huchemka yakifika nyuzi 93 au 94, wala si 100. Kwa hiyo dakika kumi za Mombasa ni dakika 12 hadi 15 huku kwetu. Usifuate saa, chokoa kipande kwa uma, na kingo zikianza kumeguka huku moyo wake ungali mgumu kidogo, epua.

Kuna siri moja ambayo wenyeji wa Doldol wanayo tayari bila kujua kuwa wanayo. Chembe ya magadi, kiasi cha robo ya kijiko cha chai kwa lita mbili za maji, huyeyusha gundi inayoshikilia seli za kiazi upande wa nje. Ngozi ya kipande hulegea ikawa kama uji mzito, na uji huo ndio utakaokauka kuwa ukoko. Magadi yakizidi, viazi hunuka sabuni, kwa hivyo mkono uwe mwepesi.

Mwaga maji yote. Acha viazi ndani ya sufuria bila kifuniko kwa dakika tano, mvuke utoke. Wanaoruka hatua hii ndio wanaolalamika baadaye kwamba viazi vyao vimelowa. Maadamu uso wa kiazi una maji, joto la uso huo haliwezi kupita lile la maji yanayochemka, nasi tumeshaona kwamba huku ni nyuzi 93 au 94 tu. Rangi ya dhahabu na ile harufu inayoita majirani huhitaji joto linalopita nyuzi 140, wakati protini na sukari zinapoungana kwa namna ambayo mkemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard, aliieleza mwaka wa 1912. Maji ni lazima yaondoke kwanza. Mvuke ukiisha, funika sufuria uitikise kwa nguvu mara nne au tano, vipande vigongane na kuparuzika. Kadiri kingo zinavyochakaa, ndivyo ukoko unavyopata mahali pa kushika.

Sasa mafuta. Mjini watu hutumia mafuta ya chupa. Doldol ina utajiri mwingine: kondoo wekundu wa Kimaasai wenye mikia minene. Kata mafuta ya mkia vipande vidogo, yayeyushe polepole, chuja. Vijiko vinne au vitano vya chakula vyatosha kilo moja ya viazi. Yana harufu yake, siwezi kuificha, na wapo wasioipenda. Mimi kwa upande wangu naona kwamba kiazi kilichookwa kwa mafuta hayo hakina mfano katika mikahawa yote niliyopitia kati ya Karatina na Nanyuki.

Twaa sufuria kubwa, tandaza mchanga mkavu chini unene wa vidole viwili, upange vijiwe vitatu juu yake. Weka juu ya vijiwe sinia ya bati au sufuria pana ndogo yenye mafuta. Funika sufuria kubwa kwa kifuniko bapa cha chuma, weka makaa juu na chini: theluthi moja chini, theluthi mbili juu. Ngoja robo saa. Nyunyiza unga kidogo wa mahindi ndani ya mafuta, na ukitokota na kugeuka rangi mara moja, panga viazi vikiwa vimeachana. Vikibanana vitapikana kwa mvuke, na tutakuwa tumerudi tulikotoka. Baada ya dakika 20 vigeuze, uongeze makaa juu. Vigeuze tena baada ya dakika 15. Kati ya dakika 40 na 50 vitakuwa tayari. Viepue vikiwa na rangi ya asali, visiachwe kufikia rangi ya kahawa, kwa kuwa mwaka wa 2002 wanasayansi wa Uswidi walionyesha kwamba vyakula vya wanga vinavyoungua hujenga akrilamidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani.

Kazi hii ifanyiwe nje. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyonuka inayoua watu usingizini, na mwanafunzi asiyeambiwa hilo hajafundishwa kuoka. Na gharama ya makaa yenyewe ina uzito wake, hasa kwa jirani wa msitu wa Mukogodo, ambao jamii za huko zinajitahidi kuutunza. Sishauri kila nyumba ioke kila jioni. Siku ambayo moto umeshawashwa kwa githeri, na makaa yamebaki, ndiyo siku ya viazi.

Wala tusisahau mkulima. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka gunia la viazi kuwa la kilo 50, lakini yule anayeuza kwa gunia lililoshonewa kilemba hadi likamzidi mbebaji kimo angali analalamika. Mnamo Januari 2022 Wakenya walighadhabika kusikia kwamba mkahawa mmoja mkubwa wa kigeni umeishiwa chipsi kwa sababu meli iliyobeba viazi vyake imechelewa, ilhali Nyandarua na Meru vinaoza shambani. Hasira ile ilikuwa halali. Ingekuwa na nguvu zaidi kama shule zetu zingekuwa zikifundisha ni kiazi gani kinafaa kwa mapishi gani, maana mnunuzi asiyejua tofauti ya Shangi na Dutch Robijn hawezi kumdai muuzaji chochote.

Chumvi hunyunyizwa mwishoni, viazi vikiwa bado vinatoa sauti mafutani. Vinafaa kwa nyama ya mbuzi ya kuchoma, kwa maharagwe mazito, au kwa sukuma wiki na maziwa lala pembeni. Ila visicheleweshwe kwa maongezi. Mafuta ya kondoo huganda yakipoa, na upepo wa jioni wa Doldol hauna subira.